Salisileti ndani ya chakula: Nani ajihadhari na ale nini

MTU anayetokwa na vipele vya kuwasha, anayezibwa pua mara kwa mara au anayebanwa na kifua baada ya kula, kwa kawaida huanza kuwashuku samaki, mayai au karanga. Ni wachache wanaoifikiria bizari iliyotiwa kwenye mchuzi, tende za futari au kikombe cha chai ya tangawizi. Hata hivyo, kwa kundi dogo la watu, usumbufu huo huweza kuletwa na kemikali za asili ziitwazo salisileti, ambazo zimo katika mimea mingi inayoliwa kila siku na ambazo zina undugu wa karibu na dawa ya aspirini.

Wengi wanaosikia habari hii kwa mara ya kwanza hukimbilia orodha ndefu za vyakula vinavyokatazwa, na kabla ya mwezi kwisha huwa wameacha karibu matunda na mboga zote. Wakati huohuo, huendelea kumeza vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari, ambavyo kwa mtu mwenye tatizo hili huweza kuwa hatari kuliko sahani yoyote ya chakula. Kuchagua mlo unaofaa kunahitaji kujua mambo mawili: salisileti zimo wapi kwa wingi, na ni kiasi gani hasa mtu anakula kwa siku.

Salisileti ni nini

Salisileti ni kemikali ambazo mimea huzitengeneza kwa ajili ya kujilinda dhidi ya wadudu, ukungu na bakteria. Ndiyo maana mara nyingi hupatikana kwa wingi katika maganda, majani, mbegu na magome. Jina lake limetokana na neno la Kilatini Salix, yaani jamii ya miti ambayo magome yake yalitumika tangu zama za kale kutuliza homa na maumivu. Mwaka 1763, kasisi wa Uingereza Edward Stone aliiandikia taasisi ya wanasayansi ya Royal Society akieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa homa kwa unga wa magome hayo. Mwaka 1897, Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani alitengeneza asidi ya asetili salisiliki, ambayo iliingia sokoni mwaka 1899 kwa jina la aspirini.

Kwa watu wengi salisileti za kwenye chakula hazina madhara yoyote. Tatizo huwapata wale ambao miili yao haizivumilii zinapozidi kiwango fulani, na kiwango hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Dalili na namna zinavyojitokeza

Dalili zinazotajwa zaidi ni vipele vinavyovimba na kuwasha, kuvimba midomo au kope, mafua yasiyokwisha, vinyama vinavyoota ndani ya pua, kubanwa na kifua kwa wenye pumu, maumivu ya kichwa, tumbo kujaa gesi na kuhara.

Tofauti yake na mzio wa kawaida ni kwamba salisileti haziamshi kingamwili za aina ile inayohusika, kwa mfano, na mzio wa karanga. Mwenye mzio wa karanga huweza kudhurika kwa punje moja ndani ya dakika chache. Asiyevumilia salisileti anaweza kula chungwa moja bila shida, lakini akaugua siku anapokula machungwa, zabibu kavu, mchuzi wenye bizari nyingi na vikombe vinne vya chai. Kiasi hujumlishana, na dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kwa sababu hiyo si rahisi kumkamata mhusika, kwani chakula kilicholiwa mwisho hulaumiwa hata kama mzigo ulianza kujengeka tangu asubuhi.

Ikumbukwe pia kwamba dalili za namna hii huletwa na mambo mengine mengi. Samaki wa jamii ya jodari asiyehifadhiwa vizuri kwenye baridi, kwa mfano, hujenga histamini inayoweza kumletea mlaji wekundu wa ngozi, vipele na maumivu ya kichwa. Si haki basi kuzihukumu salisileti kabla ya uchunguzi.

Aspirini ni jambo jingine

Uhusiano kati ya aspirini, pumu na vinyama vya puani ulielezwa na daktari Fernand Widal wa Ufaransa mwaka 1922, na baadaye Max Samter na mwenzake Beers wa Marekani waliueleza kwa kina mwaka 1968. Inakadiriwa kwamba takriban watu wazima 7 kati ya 100 wenye pumu hupata shambulio wanapotumia aspirini au dawa nyingine za kundi lake, zikiwamo ibuprofeni na diklofenaki.

Lakini haimaanishi kwamba kila anayedhurika na aspirini analazimika kuacha vyakula vyenye salisileti. Aspirini ina kipande cha ziada kiitwacho asetili, ambacho hukizuia kwa nguvu kimeng'enya kinachohusika na shambulio hilo. Salisileti za kwenye mimea hazina kipande hicho, na nguvu yake juu ya kimeng'enya hicho ni ndogo sana. Zaidi ya hayo, kidonge kimoja cha kawaida cha aspirini kina miligramu 300, kiasi ambacho mlo wa siku nzima wa mtu wa kawaida haukikaribii.

Hata hivyo, wapo wenye ugonjwa huo ambao hupata nafuu wanapopunguza salisileti. Utafiti uliofanywa Canada na kuchapishwa mwaka 2016, ukihusisha wagonjwa 30, ulionyesha kuwa dalili za pua na kifua zilipungua kwa waliokula mlo wenye salisileti kidogo. Ni utafiti mdogo, lakini unatoa sababu ya kulijadili jambo hili na daktari badala ya kulipuuza.

Kipimo chake ni mlo wenyewe

Hakuna kipimo cha damu wala cha ngozi kinachoweza kuthibitisha kwamba mtu havumilii salisileti za kwenye chakula. Njia inayotumika ni kupunguza vyakula husika kwa muda, kisha kuvirudisha kwa utaratibu huku dalili zikiandikwa.

Kwa kawaida zoezi hilo huwa na hatua tatu. Kwanza, mgonjwa huandika kwa wiki moja au mbili kila anachokula na kunywa, dawa anazotumia, na saa ambayo dalili zilijitokeza. Pili, vyakula vyenye salisileti nyingi huondolewa kwa wiki 2 hadi 6 chini ya usimamizi wa mtaalamu wa lishe. Tatu, iwapo kuna nafuu, vyakula hivyo hurudishwa kidogo kidogo ili kuona dalili zinarejea kwa kiasi gani cha chakula.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi. Mtu akishapata nafuu huogopa kuvirudisha vyakula, akabaki na mlo finyu kwa miaka. Pengine nafuu yenyewe ilitokana na kubadilika kwa majira au na dawa aliyopewa, wala si chakula. Bila kurudisha hakuna uthibitisho. Kwa mwenye pumu kali au aliyewahi kuvimba koo, hata hivyo, zoezi la kurudisha halifanywi nyumbani bali mbele ya daktari.

Zimo wapi kwa wingi

Jedwali linalotajwa zaidi duniani ni la watafiti Anne Swain, Stephen Dutton na Stewart Truswell wa Sydney, Australia, waliopima vyakula 333 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1985. Walibaini kuwa viungo vya mchuzi ndivyo vinavyoongoza. Katika gramu 100, unga wa kari ulikuwa na miligramu 218, manjano 76 na binzari nyembamba 45. Mdalasini ulikuwa na miligramu 15 hivi, iliki karibu 8, pilipili manga 6 na tangawizi mbichi 4.5.

Matunda yaliyokaushwa nayo yamo katika kundi la juu, kwa kuwa maji yakitoka kinachobaki huwa kimekolea. Zabibu kavu zilikuwa na miligramu 6.6 na tende kavu 4.5. Asali ilitofautiana kulingana na aina, kuanzia miligramu 2.5 hadi 11. Mnanaa, lozi, machungwa na mananasi pia vilionekana kuwa na kiasi kikubwa kuliko vyakula vingi. Kwa upande wa vinywaji, chai ya majani ilikuwa na salisileti nyingi kuliko kahawa.

Takwimu za gramu 100 zinahitaji kusomwa kwa akili, kwa sababu hakuna anayekula gramu 100 za bizari. Mpishi anayetia gramu 10 za binzari nyembamba katika sufuria ya pilau ya watu watano ameweka miligramu 4.5 katika sufuria nzima, yaani chini ya miligramu 1 kwa kila sahani. Mlaji huyohuyo akimalizia na zabibu kavu gramu 50, amejiongezea zaidi ya miligramu 3 kwa mara moja. Chungwa moja la wastani nalo humpa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa hiyo aliyeacha pilau lakini akaendelea na zabibu kavu, asali na sharubati ya machungwa hajapunguza mzigo kama anavyodhani.

Vyakula vyenye salisileti kidogo

Habari njema ni kwamba msingi wa mlo wa familia nyingi za mijini unabaki salama. Nyama, kuku, samaki, mayai na maziwa vina salisileti kidogo mno au havina kabisa. Wali na vyakula vya ngano vimo katika kundi hilo, na unga wa mahindi una chini ya nusu miligramu katika gramu 100. Maharage makavu na dengu havikuonekana kuwa nazo, jambo ambalo ni muhimu kwa wasiomudu nyama kila siku.

Miongoni mwa mboga, kabichi na viazi mviringo vilivyomenywa vilikuwa havina salisileti zinazopimika. Kitunguu maji, kitunguu saumu, boga na karoti vilikuwa na kiasi kidogo. Viazi vitamu, bamia na parachichi vilikuwa na nusu miligramu au zaidi kidogo, hivyo vinaweza kuliwa kwa kiasi na wengi wasiovumilia mizigo mikubwa.

Kwa matunda, ndizi haikuonekana kuwa na salisileti, papai lilikuwa na miligramu 0.08 na embe 0.11 katika gramu 100. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa basi ana nafasi nzuri kuliko yule wa nchi za baridi ambaye matunda yake ya kila siku ni ya jamii ya zabibu na beri. Anayeambiwa apunguze machungwa na mananasi hana sababu ya kuacha matunda yote, kwani embe na papai humpatia vitamini C na vitamini A.

Korosho zilikuwa na kiasi kidogo kuliko karanga na lozi. Nazi iliyokaushwa na kukunwa ilikuwa na takriban robo miligramu, kwa hiyo wali wa nazi si chakula cha kuogopewa.

Mambo ya kuzingatia jikoni

Kumenya ni hatua ya kwanza. Kwa kuwa salisileti hukaa zaidi kwenye ganda na chini yake, biringanya lililomenywa lilionekana kuwa na karibu theluthi moja tu ya kiasi kilichomo katika biringanya lenye ganda. Hali kadhalika, tunda lililoiva huwa na afadhali kuliko lililo bichi.

Hatua ya pili ni kuangalia vitu vilivyokolezwa. Nyanya mbichi ilikuwa na miligramu 0.13, lakini nyanya ya kopo iliyosindikwa kuwa nzito na sosi ya chupa vilizidi hapo mara kadhaa. Kupika mchuzi kwa nyanya mbili mbichi badala ya vijiko vya nyanya ya kopo hupunguza mzigo bila kuharibu ladha. Sharubati nayo hukusanya matunda manne au matano katika bilauri moja, kiasi ambacho mtu asingekila kwa kutafuna.

Hatua ya tatu ni viungo. Mchuzi hauhitaji kuwa chapwa. Vitunguu maji vilivyokaangwa vizuri, kitunguu saumu na chumvi hutoa ladha ya kutosha kwa maharage, nyama na samaki. Anayependa pilau anaweza kuibakiza kwa siku za sikukuu na kupunguza vipimo, badala ya kuila kila wiki pamoja na kari na chai ya viungo.

Chai huhitaji kuhesabiwa kwa vikombe. Mwenye kuzoea vikombe vitano vya chai ya rangi yenye tangawizi, iliki na mdalasini anaweza kubaki na kimoja chepesi chenye maziwa, na vingine kuvibadilisha kwa maziwa au maji. Sukari nyeupe haina salisileti, ingawa wingi wake una madhara mengine yanayojulikana.

Kwa siku moja, mlo wenye mzigo mdogo unaweza kuwa chapati na yai pamoja na maziwa asubuhi. Wali, maharage na kabichi mchana pamoja na ndizi. Na jioni ugali, samaki wa kukaanga na boga, kisha kipande cha papai.

Kwa nini orodha hazilingani

Anayelinganisha orodha mbili za vyakula hukuta zinapingana. Sababu ni kwamba kiasi cha salisileti hubadilika kwa aina ya mmea, udongo, ukomavu na namna chakula kilivyosindikwa, na maabara nazo hutumia njia tofauti. Watafiti wa Sydney walikadiria kuwa mlo wa watu wa nchi za Magharibi una miligramu 10 hadi 200 kwa siku. Utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2011 ulipata wastani wa karibu miligramu 4.4 kwa wanaume na 3.2 kwa wanawake.

Kwa tofauti kubwa namna hiyo, jedwali lolote linapaswa kuchukuliwa kama ramani ya kuonyesha njia. Linasaidia kujua kwamba bizari ina nyingi kuliko kabichi, lakini haliwezi kumwambia mgonjwa mwili wake utakataa nini. Jibu hilo hutolewa na daftari lake la kila siku.

Dawa na mafuta ya kuchua

Asiyevumilia salisileti anashauriwa kumweleza daktari na muuzaji wa dawa kabla ya kununua kidonge chochote cha maumivu, mafua au homa, kwa kuwa aspirini huchanganywa katika dawa nyingi zenye majina tofauti. Baadhi ya dawa za tumbo zina bismathi salisileti. Parasetamoli huwafaa wengi, ingawa wapo wachache wenye pumu ya aina hii wanaodhurika na vipimo vyake vikubwa. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo hapaswi kuiacha ghafla bila kuzungumza na daktari wake.

Mafuta ya kuchua yenye methili salisileti nayo hupenya kwenye ngozi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya aina hiyo kina nguvu inayokaribia gramu 7 za aspirini, yaani zaidi ya vidonge 20, na kinaweza kumuua mtoto akikinywa. Yanapaswa kuwekwa mbali na watoto. Watoto pia hawapewi aspirini bila agizo la daktari, kutokana na uhusiano wake na ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo.

Watoto na wajawazito

Katika miaka ya 1970, daktari Ben Feingold wa San Francisco, Marekani, alieneza mawazo kwamba salisileti na rangi za vyakula huwafanya watoto kuwa watundu kupita kiasi. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha sehemu inayohusu salisileti. Hivyo mzazi asimnyime mtoto matunda kwa sababu ya utundu pekee.

Mtoto anayekua na mama mjamzito wanahitaji foleti, vitamini C na nyuzinyuzi zinazotokana na mboga na matunda. Kila chakula kinachoondolewa kwao kinapaswa kuwa na mbadala wake siku hiyohiyo, na muda wa kukiondoa uwe umepangwa na mtaalamu.

Uvimbe wa ulimi au koo, kupumua kwa shida na kizunguzungu kikali ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitali mara moja. Kwa dalili nyepesi, hatua ya kwanza ni kuandika kilicholiwa na dawa zilizomezwa, kisha kwenda na daftari hilo kwa daktari kabla ya kuondoa chochote mezani.